Kumuomba Jalia kwa Kingereza

Buyenzi, Bujumbura
21 Aprili 2024

Kwa mume wangu mudogo Huseni, huko Kampala,

Bibi yako Kudra anakusalimia. Hajafa, ingawa we unaandika kama mutu anayengoja habari ya msiba. Anayeshika kalamu ni Assia, mke wa mjomba wako Ilias. Mi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asipunguze maneno makali.

Idi imepita vizuri. Pilau iliungua chini, tukala ya juu. Mvua inanyesha tu, ziwa limepanda, kule Kajaga maji yameingia mpaka sebuleni mwa watu, samaki wanaangalia televisheni. Ilias mzima, lakini esansi ya kutia kwenye magari hakuna mujini. Magari hayatembei, na gari lisilotembea haliharibiki, kwa hiyo garage yake imelala na yeye analala ndani yake.

Sasa nikuulize. Jalia ni nani?

Usishtuke. Nimeambiwa na Anouar, dereva wa bisi, huyu huyu anayebeba barua zetu. Dereva anajua, bibi hajui. Kwa simu ningekuuliza zamani, lakini we kwa simu unakimbiliaga kwenye rezo. Nikigusa jambo la maana, rezo inakatika. Ndiyo maana nataka karatasi. Karatasi haina rezo.

Mi sina ugomvi na musichana. Mi ndiye mke mukubwa, mke mwenza akaribie, atanisaidia kukuvumilia. Lakini unajua desturi ya nyumba yetu. Siku ya kuomba mutoto wa watu, anayefungua mudomo ni mwanamke mukubwa wa nyumba. Wanaume wanakaa, wanasoma fatiha, wanakula. Na yule mwanamke anaomba kwa lugha ya nyumba aliyoingia, siyo kwa lugha yake, maana anayeomba ndiye anayejikunja. Mama yangu alimuombea kaka yangu mke kwa Kirundi. Mi nilimuombea Ilias kwa Kibembe, nikatoka jasho mpaka kanga ikalowa, lakini niliomba, na yule niliyemuomba ndiye anaandika hapa na kucheka.

Mama yako Saliha angekuwa hai, angekuombea yeye. Hayupo. Mudomo uliobaki ni huu wangu, meno yamepungua lakini mudomo upo. Niambie mambo mawili tu: kwao Jalia wanasema lugha gani, na siku ni lini?

Kula. Usinywe soda badala ya chakula.

Kudra, mke wako


Kampala
19 Mei 2024

Mke wangu mkubwa, Bibi Kudra,

Barua yako imefika ikinukia samaki, nadhani Anouar aliiweka kwenye gunia la ndagala. Nimeisoma nikiwa dukani, nikacheka peke yangu, mteja akadhani namcheka yeye.

Mimi mzima. Kazi ya spea inaendelea hapa Kisenyi. Chakula usihofu: jirani yangu Mama Marguerite, mama wa Uvira anayeuza vitenge, ndiye ananipikia tangu siku niliyofika sijui hata kuomba maji kwa Kingereza. Ananigombeza kama wewe, tofauti yenu ni kwamba yeye anakwenda kanisani.

Jalia ni kweli, Bibi. Nilitaka kukuambia kwa utaratibu. Ni mwalimu wa watoto wadogo, anaswali, anacheka sana, na hapendi mtu anayechelewa. Baba yake ni Musoga, tunamwita Hajji. Mama yake ni Mulugbara wa Arua. Kila mmoja alikuja na lugha yake, basi nyumbani wanasema Kingereza. Hata paka wao anafukuzwa kwa Kingereza.

Kwa hiyo mke wangu, kazi unayo. Neno la kuomba ni moja, la "kupa". Leo wanasema giv. Jana wanasema geiv. Na jambo lililokwisha kabisa ni giveni, lakini hilo la mwisho haliendi peke yake, linashikwa mkono na hav, kama bi harusi na shangazi yake. Soma hayo kwanza. Ukiyaweza, nitakuletea mengine.

Msalimie mjomba Ilias, na Mama Assia mwenye kalamu.

Mumeo asiye na ndevu,
Huseni


Buyenzi
9 Juni 2024

Kwa Huseni anayejibu swali moja akiulizwa mawili,

Tuko salama. Assia ameumwa jino, uso ulivimba kama anakula andazi upande mmoja. Sasa limetolewa. Kule Buterere maji yalichukua mupunga wa watu, tumepeleka nguo na unga.

Nimepata mwalimu. Anaitwa Sylvère, anafundisha Kingereza, anakaa Mutanga Sud karibu na université. Gari lake limekwama kwa Ilias linangoja kipande kipya. Kila akija kuliangalia, mi namkamata. Namwekea kiti, namwekea chai ya tangawizi, namwambia, mwalimu, nipe kile kitenzi. Maskini anafundisha huku anaangalia gari.

Huseni, hawa Waingereza wana nini? Sisi tunasema nakupa, nilikupa, nimekupa, nitakupa. Neno linabadili kofia tu, tumbo ni lile lile, ukikutana nalo njiani unalijua. Lao likilala usiku mmoja linaamka na tumbo lingine. Giv, geiv. Nikamuuliza Sylvère, jana limekula nini? Akasema, "Bibi, ni la kukariri tu, hakuna sababu." Mutu mukubwa, ana miwani, anasema hakuna sababu! Nikamwambia, mwanangu, hata mi nikikosa sababu nasema ni desturi, lakini mi silipwi mushahara.

Akataka kunifundisha mengine. Yako mengi, anasema, yanabadilika hivyo hivyo. Nimekataa. Sendi Kampala kufungua duka. Nataka hili moja, nilijue asubuhi, jana na kesho.

Ninalifanyia kazi. Nikimpa Assia chumvi, nasema ai giv. Akishashika, ai geiv. Akiitia kwenye mboga, ai hav giveni, sirudishiwi tena. Ilias anasema nyumba imekuwa darasa, anakula nje.

Jumanne niliamka mapema nikavaa viatu vya kubana nikaenda mahali. Mahali gani, haikuhusu.

Swali langu la pili liko pale pale nilipoliacha. Siku ni lini?

Kudra


Kampala
14 Julai 2024

Bibi wangu,

Samahani nimechelewa. Kazi ni nyingi na Anouar alipita siku ambayo sikuwepo. Mimi mzima, Mama Marguerite anakusalimia.

Nimefurahi sana kwa kitenzi. Umekipata kuliko watu niliosoma nao hapa.

Kuhusu safari, nimefikiri. Mpaka wa Rwanda umefungwa, bisi sasa zinazunguka Tanzania, ni njia ndefu sana, na miguu yako inavimba hata ukikaa kwenye arusi ya jirani. Labda ingekuwa vizuri wewe utuombee dua ukiwa huko, na maneno tutafute mtu wa kuyafikisha. Hajji ataelewa.

Huku baridi kidogo.

Huseni


Buyenzi
28 Julai 2024

Huseni,

Leo salamu ni fupi. Wote wazima. Jino la Assia limepona.

Anouar ameniletea barua yako. Akanishika mukono, akautikisa, akasema, "Hongera Bibi! Nimeziona picha. Lakini we ulienda Kampala na bisi ya nani? Na mbona ulikuwa umenenepa, sasa umepungua tena?"

Nikamwambia, nionyeshe.

Akafungua simu. Nikakuona we, umevaa koti jeusi, umependeza, Mungu wangu, kama mama yako siku ya Idi. Nikamuona musichana wa kanzu ya zambarau, nikasema huyu ndiye, ana macho ya mutu anayecheka. Na katikati, kwenye kiti cha heshima, mwanamke munene amevaa hijabu ya kijani, ameshika mikono ya wakwe zangu. Nikasema, Anouar, huyu nani? Akasema, "Si wewe? Kule wote wanasema ndiye Bibi Kudra wa Bujumbura."

Sasa lile neno la jana limeniingia bila mwalimu. Yu geiv. Ulimpa. Ulimpa kiti changu, ulimpa wakwe zangu, na jina langu pia ukampa. Nguo mutu anaazima. Sufuria anaazima. Huseni, we umeazima bibi! Na mi niko huku naambia chumvi ai giv, ai geiv, kama mwenda wazimu.

Ni yule wa vitenge, si ndiyo? Anayekwenda kanisani.

Mi silii. Anayelia ni Assia, ndiyo maana karatasi imelowa upande wake.

Na ile Jumanne nilienda kuomba lesepase ya kusafiria. Nimeshaipata. Kwenye picha nimekunja uso, lakini ni mi, hakuna mutu mwingine aliyekunja kwa niaba yangu.

Nijibu. Na usiniletee baridi ya Kampala.

Kudra wa Bujumbura


Kampala
18 Agosti 2024

Bibi, mama yangu,

Sina salamu ya kutosha kwa barua hii. Nakuomba umwambie Mama Assia aisome polepole.

Ni kweli, ni Mama Marguerite. Mwezi wa sita Hajji alisema anataka kunijua, nije na mkubwa wangu mmoja. Hapa kijana wa ugenini akija peke yake anaulizwa getini, umetoka kwa nani? Kama huna jibu unarudi. Nilifikiria kukuita. Nikafikiria njia, nikafikiria miguu yako. Halafu nikaogopa kwamba nikisema "bibi yangu yuko mbali," Hajji ataniambia basi na wewe rudi mbali. Mama Marguerite hakutaka. Nilimlilia jikoni kwake. Akasema Bikira Maria atamsamehe kwa sababu ni kwa ajili ya arusi, akaazima hijabu kwa jirani. Nilipomtaja getini, jina lililotoka mdomoni ni lako. Sikuwa na jina lingine la bibi.

Wakampenda. Sasa ndiyo nimekwama. Siku ya kumuomba Jalia ni tarehe 21 Septemba. Hajji ni mtu mpole, lakini kuna kitu kimoja hasamehe, nacho ni uongo. Alimfukuza mchumba wa dada yake Jalia kwa sababu alidanganya kazi anayofanya. Akijua, nimempoteza Jalia, na Jalia mwenyewe sijamwambia.

Bibi, ukija nitafurahi kuliko neno lolote la Kingereza. Lakini nakuomba, uje kama mdogo wa Mama Marguerite. Ukae kando yake. Aongee yeye, wewe uwepo.

Najua ninachokuomba.

Huseni wako


Buyenzi
1 Septemba 2024

Kwa mume wangu mjinga,

Assia ameisoma polepole, halafu tena. Ilias anataka kuja kukupiga. Nimemwambia esansi hakuna.

Mudogo wake! Haya, angalau umenipunguzia miaka.

Nakuja. Na masharti ni yangu. Nitakaa kando ya yule mama, nitanyamaza, ingawa mi kunyamaza sikufundishwa na mutu. Jina la kuazima nimelichagua mwenyewe: nitaitwa Saliha, la mama yako, ili naye awepo pale anapoombewa mwanawe mke. Lakini sikiliza vizuri. Sitafungua mudomo kusema uongo. Wasiponiuliza, nitakaa kimya na jina hilo. Mutu akiniuliza mi ni nani kwako, akinitazama machoni, nitamjibu. Kama huwezi hilo, niambie mapema niuze lesepase.

Huyo Marguerite mwambie nina kitu chake. Siyo kofi. Amekulisha nikiwa mbali, na mutu aliyelisha mutoto wangu namletea samaki, mukeke wa kukausha, ale na kanisa lake lote.

Sylvère amepata gari lake jana. Amekimbia.

Kudra


Buyenzi
13 Oktoba 2024

Kwa mume wangu Huseni, anayedhani anajua kilichotokea,

Nimefika salama. Miguu ilivimba, imerudi. Assia ananiuliza habari za Kampala toka juzi, nimemwambia andika, utasikia humo humo. Ilias ameacha hasira, amekula zawadi zote.

We siku ile ulikuwa nje kwenye hema na wanaume. Uliona tumeingia nyumbani kwa Hajji kwa mulango wa wanawake, mi na Marguerite, tumeshikana. Halafu ulingoja. Halafu ukasikia kwenye mikrofoni Marguerite anaanza, anakohoa, anakohoa tena, anasema sauti imekwisha, mudogo wangu aseme. Halafu ukasikia mi. Nasikia kesho yake ukamnunulia Marguerite asali na dawa ya koo. Mutoto mwema. Koo la Marguerite ni zima kama la jogoo.

Nikuambie ya ndani.

Tulikaa kwenye mukeka, wanawake wamejaa. Marguerite anavuta vuta ile hijabu ya kijani. Nikamwambia pole pole, tulia, we ndiye mukubwa leo. Mama yake Jalia akaja, akapiga magoti, akatunawisha mikono. Marguerite kwanza, halafu mi. Akaushika mukono wangu, hakuuachia. Akanitazama machoni. Akasema, "Mama, wewe nani kwa huyu kijana?"

Kwa Kiswahili, Huseni! Kiswahili cha Arua, kinapinda huku na huku lakini kinasimama. Yule mwanamke anasema Kiswahili tangu utoto! Miezi yote nimetafuna kitenzi, nimemkosesha Sylvère amani, na mukwe wangu alikuwa na lugha yangu mudomoni. We hukujua kwa sababu hukuwahi kumuuliza, ulikuwa unaogopa tu.

Basi ameniuliza, ananitazama. Nilikuonya. Nikasema, "Mi ndiye niliyemlea. Kudra ni mi. Huyu hapa ni mama mwingine, alimlisha nilipokuwa mbali, msimfukuze."

Marguerite akaangalia feni. Mi nilikuangalia we kwa dirisha, umekaa kwenye hema na koti lako, unafuta jasho, nikasema moyoni, nimemvunjia mutoto wangu arusi kwa mudomo huu huu.

Mama yake Jalia akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini kando yangu. Akasema, "Tulikuwa tunakungoja. Ile siku ya kwanza tuliweka pilau, na huyu tuliyeambiwa ni Hajati akafanya ishara ya msalaba juu ya sahani. Mume wangu akaniuliza usiku, huyu mama alihiji wapi, Roma?"

Walijua, Huseni. Walijua tangu pilau ya kwanza. Jalia pia, mama yake alimwambia siku ile ile. Marguerite akasema, "Yesu wangu, mukono ulikwenda wenyewe," na wanawake wote wakaangua kicheko. Nyinyi mliokuwa nje mlidhani tunacheka mambo ya arusi.

Nikamuuliza, na Hajji? Si hasamehe uongo? Akasema Hajji alikasirika sana. Alitaka kukuita asubuhi yake akufukuze. Halafu Hajji akasema, yule mchumba wa kwanza alidanganya ili aonekane mukubwa. Huyu amedanganya kwa sababu hana mutu. Nitampa nafasi. Bibi mwenyewe akija, nitajua ana watu. Na kijana mwenyewe akija kuniambia kwa mudomo wake, nitajua ana moyo.

Ndipo Marguerite akanisukuma kwa kiwiko. Akasema, "Dada, mi naenda kukohoa sasa. Jiandae." Yule mama ana akili. Nimempenda, ingawa anapika ndizi kama anaadhibu mutu.

Nikashika mikrofoni. Nikasema: Giv as Jalia. Neno la pili halikuja. Nikakumbuka mama yako. Nikasema: Awa boi, wi hav giveni. Tupeni Jalia, wa kwetu tumeshawapa. Ulisikia walivyopiga makofi. We ulidhani ni kwa Kingereza changu. Apana. Wale wanawake walijua nani anaomba.

Na Hajji akajibu ametoa. Ulimsikia mwenyewe, ukaruka kwenye kiti kama umekalia moto. Alikupa mutoto wake akijua umemdanganya.

Mama yake Jalia aliniomba nisikuambie mpaka nirudi nyumbani. Akasema, woga kidogo utamkalia vizuri bwana arusi. Nimekaa nayo siri hiyo, mudomo umeniwasha njia nzima mpaka Kobero mupakani, nimemwambia Anouar tu, na Anouar ameapa.

Sasa nakuambia mi. Ndoa ni Desemba na Hajji bado anangoja. Kila Ijumaa mnaswali safu moja, unamwamkia, unampa mukono, unakimbia. Yeye anaona. Ijumaa hii usikimbie. Usimtume Marguerite, usinitume mi, usitume simu. Kaa naye pale pale msikitini watu wakishatoka, umwambie ulichofanya tangu getini. Atajifanya hajui, atakunja uso. Mwache akunje, ni haki yake. We maliza maneno yako.

Ukishatoka pale, nenda kamwambie Jalia, naye amechoka kujifanya.

Halafu ule.

Kudra, mwenyewe


Kampala
25 Oktoba 2024, Ijumaa

Bibi,

Barua yako ilifika Jumatano. Nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa.

Leo nimemwambia Hajji. Nilianzia getini kama ulivyosema. Alikunja uso mpaka nikasahau Kingereza chote, nikamalizia kwa Kiswahili, na yeye Kiswahili hakijui hata kidogo. Aliniacha niseme mpaka mwisho. Halafu akatafuta viatu vyake, akanipa mimi nivishike wakati anashuka ngazi, kama anavyowapa wanawe.

Huseni